Hasira Aliyoimeza Baba Abby

Damu haikuwa ya Calvince.

Najua mlivyonilaani wiki nzima. Msomaji mmoja wa Wundanyi ameapa kwamba nikimuua kijana wa watu siku ya kupeleka mahari, gazeti hili halinunui tena. Mama mwingine wa Bura amenitumia ujumbe kwamba ananiombea, na sidhani alikuwa akiniombea mema. Haya, poeni roho. Calvince Ochola yuko hai. Yuko palepale tulipomwacha, uani kwa ukoo wa mchumba wake, Abby, kule Mbololo, Jumamosi alasiri, shati lake jeupe limelowa kifuani, naye anajipapasa akitafuta tundu la risasi.

Hakulipata.

"Calvince," Abby alisema. "Angalia chini."

Aliangalia. Mama yake, Ajwang', alikuwa ameteleza kutoka kifuani pake hadi miguuni. Bastola ilipolia, mama huyo alikuwa amejitosa katikati ya wanaume wawili waliokuwa wakivutana, akamkumbatia mwanawe. Sasa alikuwa amekaa kwenye vumbi na gauni lake la sherehe, ameshika tumbo kwa viganja viwili.

"Umeumia?" alimuuliza mwanawe.

"Mimi sijaumia, mama. Usiongee. Tafadhali usiongee."

"Basi ni sawa," Ajwang' alisema, na macho yakamgeuka.

Ndipo uwanja mzima ulipolipuka kwa mayowe. Sufuria za pilau zilipinduliwa, watoto wakakimbilia migombani, wanakwaya waliokuja na skafu za rangi moja wakakanyagana mlangoni. Mtu mmoja tu alikuwa kimya, naye ndiye mwenye bastola.

Kwa nyinyi mnaoanza kusoma leo, karibuni, mmechelewa lakini karibuni. Nicholas Righa, baba yake Abby, hununua vito kwa wachimbaji na kuviuza kwa wageni, na ofisi yake iko Voi mjini. Kwa sababu ya mawe anayotembea nayo mfukoni, serikali ilimpa leseni ya bastola. Huivaa kiunoni chini ya koti, na katika ukoo mzima aliyejua anayo siku ile ni mkewe tu, Wakesho. Asubuhi Wakesho alimsihi aiache nyumbani. "Tunaenda kupokea mahari, Baba Abby, si vita." Nicholas akamjibu kwamba miaka mingi imepita tangu aache pombe, na mtu asiyelewa hana hatari na silaha yake. Alisema kweli. Asubuhi ilikuwa kweli.

Sasa alisimama nayo mkononi mbele ya watu wote, akiitazama kana kwamba mtu amemwomba amshikie kidogo. Halafu akili ilimrudia. Iliporudi haikuja na huruma.

"Amenivamia!" alipaza sauti. "Huyu kijana amenivamia! Alitaka kuninyang'anya bastola!"

"Mimi, mzee?" Calvince alikuwa amepiga magoti, anaziba jeraha la mama yake kwa kitambaa cha meza. "Nimekuja kukupa mkono, wewe ndio ukaitoa! Nimekushika usinipige!"

"Mmesikia? Amekubali amenishika! Mmeona nyote!"

Na kweli waliona. Hilo ndilo lililomponza kijana. Walichokiona watu wale ni fundi wa reli, mtoto wa mama wa shamba la mkonge, mgeni kutoka magharibi, akivutana mkono na mwenye boma. Namna mkono ule ulivyotoka chini ya koti hawakuiona, maana wengi wao macho yalikuwa kwenye sahani.

Ajwang' alipakiwa kwenye pikapu ya kwaya, ikateremka naye mbio hospitalini Voi. Calvince alitaka kupanda, akakuta mashemeji wanne wamemshika. Polisi walimkuta bado anang'ang'ana, na anayeng'ang'ana daima ndiye anayeonekana mbaya.

Aliyekuja ni Inspekta Mulei. Aliichukua bastola, akaifunga kwenye mfuko, akaikagua leseni, akaikuta haina kasoro. Kisha akasogeza pua.

"Mzee, unanuka pombe."

"Nimetasa," Nicholas alijibu.

Mulei ni Mkamba wa Kibwezi, hakulijua neno hilo. "Umefanya nini?"

Alexander, mdogo wake Nicholas, msemaji wa ukoo na mcheshi wa kila harusi, alijitokeza.

"Afande, ni mila yetu Wadawida. Mzazi akiwa na kinyongo hawezi kubariki mtoto mpaka kwanza akitoe. Anatia mbangara mdomoni, anasema maneno yake, kisha anaipuliza nje, imwangukie mtoto aliyepiga magoti mbele yake. Hasira inatoka nayo. Ndugu yangu alikuwa amemkataa huyu kijana mwaka mzima, kwa hivyo ilibidi atase."

"Mbangara si ni pombe?"

"Ni pombe ya miwa. Lakini ya kutasa hainywewi, afande, hutemwa. Kinachonuka ni mdomo. Tumbo ni safi."

Mulei aligeukia wazee. "Alitema?"

"Alitema," wazee waliitikia. Walisema kwa moyo mweupe kabisa, na hapo ndipo ninapotaka kung'oa nywele zangu. Sisi watu wa milimani ni Wakristo wa kufumba macho. Mtu akianza tu kusema maneno ya kubariki, iwe ni kwa Biblia au kwa kibuyu, tunafumba macho na kuinamisha vichwa. Wazee wale walisikia maneno, wakasikia pumzi ya kupuliza, wakasema amina. Hakuna hata mmoja aliyetazama.

"Sheria yenyewe ni fupi," Mulei alisema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Mwenye leseni kama hajanywa, basi huenda amevamiwa. Mwenye leseni kama amekunywa, kesi ni yake, hata akiwa na leseni ya dhahabu. Nauliza mara ya mwisho. Kuna yeyote aliyemwona huyu mzee akimeza?"

Wakesho alifungua mdomo.

Nicholas alimtazama. Hakumtisha, laiti angemtisha. Alimtazama kwa macho ya mtu anayezama mtoni, na mdomo wa Wakesho ukafunga.

"Mama!" Abby alimvuta mkono. "Mama, sema!"

Wakesho alitazama chini. Pingu zikalia, na Calvince akaondoka na damu ya mama yake ikimkaukia shatini.

Je, ni nini walichokijua mama na binti? Nitawaambia bila kuwazungusha.

Mezani palikuwa na soda. Siku hizi familia nyingi hutasa kwa soda, au hata maji, na Mungu hajalalamika. Nicholas alikwisha kuinyooshea mkono soda ya machungwa. Ni Alexander aliyetia utani: "Kaka, soda itakutoa gesi, haitakutoa hasira!" Watu wakacheka. Nicholas akaona haya, akachukua kibuyu cha mbangara. Alijiambia kwamba cha mdomoni si cha tumboni.

Abby alikuwa amepiga magoti mbele yake, macho wazi kwa sababu alitaka kuuona uso wa baba yake ukilegea. Wakesho alikuwa ubavuni, macho wazi kwa sababu anamjua mumewe. Wote wawili waliona koo lake likipanda na kushuka. Kilichopulizwa kilikuwa hewa tupu. "Bado ninayo," Nicholas aliwaambia waliofumba macho, akainua kibuyu mara ya pili, akakaa nacho usoni zaidi. Bado, akasema tena. Mara ya tatu kibuyu kilishuka kikiwa chepesi, watu wakamsifu kwa kujitoa kwa moyo wote, na uso wa Abby ulikuwa mkavu.

Wakesho alijua kuna bastola. Alijua pombe imeshuka. Lakini wageni walikuwa wengi, pilau ilikuwa tayari, na mke hamwaibishi mume mbele ya wakwe. Akanyamaza. Muda wa kula sahani moja tu ulitosha pombe kumpanda Nicholas kichwani na bastola kutoka.

Jumapili, watu wa Voi wakitoka kanisani, Nicholas alirudi nyumbani akishikiliwa na Alexander. Usiku wote alikuwa amelazwa kwenye zahanati ya rafiki yao, eti presha imepanda. Labda ilipanda kweli. Lakini presha hiyo ilikuwa na faida yake, kwa sababu hakuna polisi anayemtoa damu mgonjwa, na alipotoka hapo pombe nayo ilikuwa imeshatoka.

Alexander alipokwenda zake, Nicholas alikaa jikoni kwenye kigoda cha mkewe.

"Mama Abby, uliniona."

"Nilikuona."

"Na hukusema."

"Sikusema." Wakesho alikuwa akiosha sufuria iliyokuwa safi tayari. "Kwa nini ulimeza, Nicholas?"

Kwa kawaida hakuwa akimwita kwa jina lake. Mume huyo alifunika uso.

"Ilipofika mdomoni niliambiwa niiteme na hasira yote. Nikaona nikiitoa hasira nabaki na nini? Mtoto anaondoka, nyumba inabaki na sisi wawili na mawe. Sikutaka itoke. Nikameza. Halafu ikawa tamu. Wewe unajua ilivyokuwa tamu zamani."

"Ajwang' ana risasi tumboni."

"Atapona! Daktari amemwambia Alexander atapona. Akipona kesi itakufa yenyewe, kijana atatoka. Lakini mimi nikisema nilikunywa, ni jela. Kwa umri huu, Mama Abby. Na wewe utakula nini? Nisitiri kidogo tu mpaka yule mama aamke."

Alilia. Wakesho hakuwa amemwona akilia tangu siku ya kumzika mama yake. Alimfuta machozi kwa leso yake, na huku akimfuta alijichukia kwa kumwonea huruma.

Abby alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

"Mama, twende polisi sasa hivi. Mimi na wewe."

"Ngoja kidogo, mwanangu."

"Ningoje nini? Calvince analala kwa sakafu! Hata kumwona mama yake hawajamruhusu!"

"Ajwang' akiamka..."

"Mama! Uso wangu ulikuwa mkavu na wewe uliona!"

Wakesho alisema maneno ambayo sitamsamehe upesi. "Ni baba yako, Abby."

Binti aliwatazama wote wawili, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mnadhani alilala? Nicholas alimfuata, akasimama nje ya mlango ule, akaongea naye kwa sauti ya chini. Wakesho hakusikia waliyoyasema. Alifikiri baba anaomba radhi.

Jumatatu asubuhi aliamka akakuta nyumba tupu, gari halipo. Kitanda cha Abby kilikuwa kimetandikwa. Wakesho aliketi juu yake, na katika ukimya ule uamuzi ukaja wenyewe bila kuuita. Alivaa viatu vya kanisani, akapanda pikipiki hadi kituo cha polisi.

"Afande," alimwambia Mulei kabla hata ya kukaa, "mume wangu alimeza."

Mulei aliweka kikombe cha chai chini. "Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale."

"Niliuliza mbele ya watu wote."

"Ni mume wangu. Nilishindwa. Leo nimeweza."

Inspekta alisugua paji la uso. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mama wa makamo ya Ajwang' kule kwao.

"Mama Abby, ungesema Jumamosi ningempima papo hapo. Na mimi nilikosea, nilisikia hiyo habari ya kutasa nikaiacha ipite. Leo hana kitu mwilini. Nina neno lako moja dhidi ya wazee wote wa ukoo."

"Si moja. Abby pia aliona. Alikuwa mbele yake amepiga magoti, na uso wake haukupata hata tone. Muulize Abby."

Mulei alivuta faili mezani.

"Abby alikuwa hapa leo asubuhi," alisema. "Alikuja na baba yake. Ameandikisha kwamba mzee alitasa, akatema mara zote, na kwamba yeye mwenyewe alilowa uso na kitambaa cha kichwa."

Wakesho alishika ukingo wa meza.

"Kwa nini aseme hivyo?"

"Baba yake naye ametangaza kwamba anamsamehe kijana, yuko tayari kuondoa malalamiko, mahari iendelee. Nimefanya kazi hii miaka mingi, mama. Nikiona msamaha na ushahidi vimekuja ndani ya gari moja, najua vimebadilishana. Binti ametoa neno lake ili apewe mchumba wake."

"Na atapewa?"

"Niliwaambia aliyeumia ni yule mama, si mzee. Ajwang' akipona, naye akubali kusamehe, basi wazee wanaweza kukaa tukaona. Binti alisikia hayo ya kupona tu. Alitoka hapa mbio, eti anaenda kuchukua nguo za kumvalisha kijana."

"Na asipopona?"

Simu ya mezani ililia. Enyi mnaosema waandishi tunapanga simu zilie kwa makusudi, hamjawahi kukaa kituoni. Huko zinalia muda wote, na ni moja tu inayokuhusu.

Mulei alisikiliza. Alisema ndiyo. Alisema asante, sista. Alirudisha mkono wa simu polepole.

"Ajwang' amefariki," alisema. "Hakuamka."

Wakesho hakulia. Aliona tena yale macho ya mumewe siku ya Jumamosi, na mdomo wake mwenyewe ukifunga. Alimkumbuka Ajwang' akiuliza kama mwanawe ameumia. Mwanamke yule alipigwa risasi kabla hata ya kukaa mezani kula.

"Sasa sikiliza," Mulei aliendelea, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Sasa hakuna wa kusamehe. Mtu amekufa. Mume wako hawezi kuondoa chochote hata akipiga magoti. Kwa ushahidi nilio nao, mwenye leseni hakuwa amekunywa, na kijana alivamia silaha ikamwua mtu. Hiyo ni kesi ya mauaji. Na shahidi mkubwa wa kumfunga ni binti yako."

"Basi afute maneno yake! Mwite ayafute!"

"Akiyafuta amekiri kwamba alidanganya mbele ya afisa. Hilo nalo lina seli yake. Wakili wa mzee atauliza: huyu binti alisema uongo saa ngapi, asubuhi au sasa? Na wewe, ulinyamaza Jumamosi kwa nini, ukaja leo kwa nini? Nyinyi wawili mnaweza kwenda ndani na kijana asitoke."

Mlango ulifunguliwa.

Abby aliingia akihema, mfuko mkononi. Ndani yake mlikuwa na shati jipya, patipati za miguuni, na mkate. Alipomwona mama yake alisita, kisha akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Kumbe na wewe umekuja kumpokea?"

Wakesho alitaka kumwambia anyamaze. Alitaka kumshika akamtoe nje, akamwambie huko barabarani, mbali na masikio ya serikali. Mulei alisimama kabla yake.

"Abby, kabla sijakuambia jambo lingine. Mama yako anasema baba yako alimeza ile pombe. Wewe asubuhi umesema alitema. Mmoja wenu ananidanganya."

"Abby, usijibu," Wakesho alisema. "Mwanangu, ngoja kwanza, usijibu..."

"Ningoje tena?" Tabasamu lilikufa. "Jumamosi nilikuomba useme, ukatazama chini. Jana nilikuomba, ukaniambia ningoje. Leo mimi nimepata njia ya kumtoa, ndio unakuja kusema? Unataka abaki ndani?"

"Hujui kilichotokea!"

"Najua kila kitu!" Alimgeukia inspekta, mgongo umenyooka. "Afande, mama amechanganyikiwa. Hajalala siku mbili. Baba alitema. Mimi ndiye niliyelowa, na hata mbele ya jaji nitaapa."

Mulei alifumba macho kidogo. Wakesho aliziba mdomo kwa leso.

Nyuma ya ukuta, kwenye seli, mtu alikuwa ameitambua sauti ile. Vyuma viligongwa.

"Abby! Abby, ni wewe?" Calvince aliita. "Mama ameamka?"

Abby alimtazama inspekta, lakini inspekta alikuwa akitazama dirishani. Basi alimgeukia mama yake, mfuko wa nguo bado mkononi, akingoja aambiwe amjibu nini.